Kila Barua Ina Haki ya Kujibiwa

Jumatatu, 3 Machi

Nimekabidhiwa meza!

Tangu leo asubuhi, barua pepe zote za kiwanda cha binti yangu ziko chini ya dhamana yangu. Kiwanda ni vyumba viwili vya kushonea sare: chumba cha mbele kina cherehani na meza ya mkataji, chumba cha nyuma kina vitambaa na vifungo. Meza ya ofisi iko dirishani. Ina kompyuta, droo mbili na kiti kinachozunguka. Nimezunguka mara moja, kwa staha, wakati hakuna aliyekuwa akitazama.

Tangu nistaafu sijakalia meza yenye droo. Sikujua kwamba mtu anaweza kuitamani droo.

Binti yangu amesema hawezi kushona na kujibu barua kwa wakati mmoja. Amesema pia kwamba mtu aliyefanya kazi masjala ujana wake wote hatashindwa na jambo hili. Sitashindwa. Lakini ameongeza kwamba mwezi huu ni wa majaribio. Mambo yakienda vizuri, meza ni yangu. Yakienda kombo, meza atapewa mama mkwe wake.

Huyo mama mkwe ni mzaa mwenzangu, muuguzi mstaafu, mwenye sauti ya kuamsha wodi nzima. Tunaishi nyumba moja kwa sababu watoto wetu walioana. Hatukushauriwa. Yeye pia aliiomba meza hii, akapewa kazi ya kupanga vifungo. Alipopita mlangoni aliniuliza kama kiti hakinitii kizunguzungu. Nikamjibu kwamba kichwa kilichotulia hakipati kizunguzungu. Akasema haya, mzaa mwenzangu, tutaonana mwisho wa mwezi.

Nimefungua kikasha cha barua. Ole wangu! Barua mbili ni za wateja. Zilizobaki ni za watu nisiowajua: anayeuza dawa ya kuotesha nywele, anayenipongeza kwa kushinda gari, anayedai tulisoma pamoja na sasa amekwama uwanja wa ndege, na bibi mmoja anayesema anaipenda sura yangu ilhali hajawahi kuiona.

Zote hazijajibiwa. Aibu iliyoje!

Jumanne, 4 Machi

Masjala tulikuwa na kanuni moja: barua ikiingia, jibu hutoka. Haijalishi imeandikwa na mwehu. Mwehu naye hujibiwa, kwa adabu, na nakala huwekwa jaladani.

Nimewajibu wote. Nimeandika: “Ndugu, husika na kichwa cha habari hapo juu. Ofisi hii imepokea barua yako na inakushukuru. Hata hivyo, haihitaji huduma yako. Tafadhali usituandikie tena.” Kwa bibi anayeipenda sura yangu nimeongeza kwamba mimi ni mjane na sina haraka.

Nimechapisha kila barua na kila jibu, nikavipa namba na kuvipanga kwenye majalada. Jalada la nywele peke yake limenona.

Mkataji alisimamisha mkasi akauliza kama karatasi zote hizo ni za wateja wapya. Nikamwambia ni kumbukumbu. Akasema, “Mzee, wino ukiisha tutaandika risiti kwa mkaa.” Kijana yule ana mikono mizuri na mdomo mbaya.

Alhamisi, 6 Machi

Wamejibu!

Wamejibu wote, na wamewaambia ndugu zao. Kikasha kimefurika. Sasa wananiita kwa jina, maana nilikuwa nimetia saini. Bibi wa sura ameandika mara nyingi mno na anataka kujua nalala saa ngapi.

Mzaa mwenzangu alikuja kuazima gundi, akasimama nyuma yangu na kusoma bila ruhusa. Akacheka hadi akashika ukuta. Alieleza, na hakuna aliyemwuliza, kwamba watu hawa hutuma barua ovyo kwa maelfu ya anwani bila kujua ipi ina mtu na ipi ni tupu. Anayejibu, hata kwa matusi, ameshawaambia kwamba nyumba hii ina mtu na mtu huyo hufungua mlango. “Wamebisha tu, Bwana Masjala, wewe ukawatolea viti!” Kisha akasema barua ya namna hiyo haifunguliwi wala haijibiwi. Huwekewa alama kwamba ni taka, basi.

Nilimwuliza elimu hiyo ameipata wapi. Akasema hospitali yao iliwahi kuharibiwa kompyuta zote na daktari mmoja aliyefungua barua ya zawadi, na baada ya hapo walifundishwa wote, hata wapishi.

Nimemshukuru kwa ufupi. Siwezi kuchukua mafunzo ya kazi kutoka kwa mtu wa vifungo.

Jumamosi, 8 Machi

Nimegundua jambo! Chini kabisa ya kila barua, kwa maandishi madogo kama sisimizi, wameandika: “Bonyeza hapa ili kujiondoa.” Kumbe ni watu waungwana. Wameweka mlango wa kutokea.

Nimebonyeza kote asubuhi nzima. Nyingine zilinipeleka kwenye kurasa zenye mwanga wa kumetameta zilizotaka niandike anwani yangu upya, kwa uthibitisho. Nimeandika. Barua moja ilikuwa na kiambatisho. Masjala, barua isiyosomwa viambatisho vyake huhesabiwa haijasomwa. Nikakifungua.

Kompyuta imekuwa nzito kama ng'ombe mgonjwa. Nikibonyeza herufi, inafikiri kwanza. Katikati ya skrini kuna picha ya mwanamke anayecheza dansi, haondoki. Nimemfunika kwa karatasi na utepe wa gundi.

Binti yangu aliuliza karatasi ile ni ya nini. Nikasema ni ya kupunguza mwanga, kwa ajili ya macho.  Alikuwa na pini mdomoni, akarudi kwenye cherehani.

Baadaye alipita na habari nyingine: chuo cha uuguzi kinafikiria kutupa oda ya sare za wanafunzi wote. Mkuu wa chuo atakuja kupimwa koti lake kwanza, aone kazi yetu, kisha ataandika barua. Binti yangu amesema oda hiyo ndiyo itakayowaweka mafundi wake kazini mwaka mzima. Amesema barua hiyo isipotee, Baba.

Isipotee! Ananiambia mimi!

Jumatatu, 10 Machi

Mkuu wa chuo amekuja, amepimwa, ameondoka; koti atapelekewa kesho. Mtu mrefu, mkali, kichwa hakina hata unywele mmoja wa kusingizia. Kinang'aa. Nilijitahidi kutokitazama.

Lakini habari kubwa ya leo ni nyingine. Nilipotoka kwenda kunawa mikono na kurudi, nilikuta mto kwenye kiti changu. Mto wa maua mekundu! Mzaa mwenzangu ameuleta kutoka nyumbani. Alisema alikuwa anajaribu tu kama unaenea.

Vita.

Nimetafakari, nikapata mkakati. Yeye hujigamba kwamba kikasha chake binafsi ni safi kama chumba cha upasuaji. Vema. Ninaijua anwani yake. Nimekwenda kwenye kurasa zote zile za kumetameta, nikaiandika humo: kwenye nywele, kwenye magari, kwenye dawa za kupunguza tumbo na kwenye chama cha wapenda nyoka. Kufikia kesho kutwa atakuwa amezama. Binti yangu ataona kwamba tatizo si mimi, tatizo ni zama.

Niliandika nikitabasamu. Ni mara ya kwanza wiki hii.

Jumatano, 12 Machi

Hajazama.

Nimemtazama wakati wa chakula. Aliweka simu mezani, akasema aa, leo kuna mkutano wa matapeli. Akaziteua zote bila kufungua hata moja, akazitia alama ya taka, akala. Amesema kila ukifanya hivyo, mashine inajifunza, na siku zijazo inazikamata yenyewe mlangoni. Kisha akachungulia ndani ya folda ya taka, asije akawa ametupa mtu mwema pamoja na wahuni. Yote hayo bila kuacha kutafuna.

Akaniuliza, kwa upole wa kutisha, kama mimi ni mpenzi wa nyoka. Nikasema hapana. Akasema ajabu, kuna mtu amemwandikisha na chini yake akatia saini “Kwa niaba yako”.

Mazoea ya kazi ni ugonjwa.

Baada ya chakula nimeamua kutumia mbinu yake, ila kwa ubora zaidi. Kwa nini nitie alama moja moja kama mtu anayechambua mchele? Nimeiamuru kompyuta itupe kwenye taka kila barua yenye maneno ya matapeli: “haraka”, “mpendwa”, “muhimu”, “nafasi”. Kikasha kimekuwa kitupu! Kitupu kabisa! Nimezunguka kwenye kiti mara mbili.

Jioni mzaa mwenzangu aliomba achungulie folda ya taka, dakika moja tu. Humo akaivua barua ya mkuu wa chuo. Ilisema koti limempendeza, oda ni yetu, na kwamba ni muhimu tumpelekee fomu za vipimo vya wanafunzi haraka.

Alimwita binti yangu. Hakuniita mimi.

Binti yangu hakugomba. Angegomba ningejua la kujibu. Alisema tu, “Baba, bado hujachelewa, mjibu sasa hivi,” akarudi kwenye cherehani. Nilimjibu mkuu wa chuo. Barua safi. Pengine ndiyo barua pekee ya haki niliyoandika tangu nikae hapa.

Ijumaa, 14 Machi

Hatimaye, mamlaka!

Leo imeingia barua tofauti na zote. Ina nembo. Inatoka Kitengo cha Usalama wa Barua. Inasema kikasha chetu kimeshambuliwa na watuma taka, kwamba wamelifuatilia suala hili kwa masikitiko, na kwamba kikasha kitafungwa kabla ya jioni nisipothibitisha kwamba mimi ndiye mhusika. Nibonyeze, niandike nywila ya kiwanda.

Nilikaribia kulia. Kumbe kuna mtu mahali fulani, nyuma ya meza, anayeyaona mateso yangu.

Sikukurupuka. Mzaa mwenzangu alikwishawahi kusema kwa sauti, ili nisikie, kwamba kabla ya kuamini barua utazame anwani kamili ya mtumaji, si jina tu. Nikaitazama. Ilikuwa ndefu, imejaa tarakimu, vistari na herufi zisizotamkika. Moyo ukatulia. Ofisi ndogo huwa na anwani fupi. Hii ilikuwa kama kumbukumbu namba ya jalada la wizara, yenye idara, kitengo na kitengo kidogo. Tapeli hawezi kuwa na subira ya kubuni namba kama ile.

Nikaandika nywila. Wakaomba niirudie kwa uhakika. Nikaipenda sana makini yao.

Nikawashukuru pia kwa barua ya kurasa mbili, nikieleza habari ya mto.

Jumatatu, 17 Machi

Sijui nianzie wapi.

Nilipofika, simu ya kiwanda ilikuwa inaita. Binti yangu alipokea. Baada ya muda mfupi aliisogeza mbali na sikio, na sote, hata mafundi wa dirisha la mbali, tukaisikia sauti ya mkuu wa chuo.

Alisema amepokea barua kutoka kiwandani kwetu, kwa anwani yetu, chini yake jina letu. Akaisoma. “Ndugu mteja! Upara umekukosesha heshima? Kichwa chako kinawachekesha wanaokutegemea? Tunayo dawa!”

Mkataji aliingia chini ya meza yake.

Mkuu wa chuo alisema wanafunzi wake nao wamekwishaisoma, kwani ofisini kwake barua hupokelewa na karani mwenye marafiki wengi. Akasema siku alipokuja kupimwa, mzee mmoja pale dirishani alikuwa anamtazama kichwa, na sasa ameelewa kwa nini. Oda hataki tena kuisikia. Akakata simu.

Nimeapa mbele ya binti yangu kwamba sikuandika. Ni kweli. Nikakimbilia kompyuta niwaombe radhi wateja wote, barua moja, maneno mazito, kazi ninayoiweza. Kompyuta ikakataa nywila. Nikaandika tena. Ikakataa. Walikuwa wameibadilisha. Nimefungiwa nje ya ofisi yangu mwenyewe, na mtu mwingine yumo ndani, amekaa, anaandika kwa jina letu.

Binti yangu aliuliza kama kuna mtu nimempa nywila. Nikasema hakuna mtu. Ni kitengo.

Mzaa mwenzangu alitoka chumba cha nyuma, vifungo vimemjaa mkononi. Nilitegemea acheke. Ningependa acheke. Hakucheka. Alivimwaga kwenye kopo, akavuta kiti, akamwambia binti yangu, “Mama, lete simu yako, twende kabla hawajatuma nyingine.” Kwa simu ile ile iliyotumika kufungulia kikasha hapo mwanzo wamekirudisha mikononi mwao, wakawatimua waliokuwamo na kuweka nywila mpya, ndefu, isiyotumika mahali pengine. Sasa anayefungua lazima aandike na tarakimu zinazotumwa kwenye simu ya binti yangu. Kisha akaanza kuwapigia wateja mmoja mmoja: barua ile si yetu, msiibonyeze, ifuteni, poleni. Kompyuta yenyewe imebebwa na fundi wa kompyuta akamtoe yule mwanamke wa dansi.

Mimi nilisimama na majalada yangu mikononi. Nilitaka kusaidia. Hakuna aliyekuwa na kitu cha kunipa.

Jumanne, 18 Machi

Mkuu wa chuo amekuja mwenyewe, amevaa kofia. Mzaa mwenzangu ndiye aliyempigia akamwomba. Alimketisha, akamweleza kama anavyoelezwa mgonjwa: hatukukutukana wewe, barua ile imekwenda hata kwa mwalimu wa watoto wadogo mwenye nywele hadi mgongoni, naye ameambiwa ana upara. Akamwonyesha. Mkuu wa chuo akasoma, akakohoa, kisha akavua kofia, akakipangusa kichwa. Akasema naye mwaka jana aliwahi kumjibu mtu wa gari la zawadi, ila jambo hilo libaki humu ndani.

Oda imerudi. Kwa sharti moja. Barua za chuo chake zishikwe na huyu mama, si na yule mzee wa dirishani.

“Yule mzee wa dirishani.” Nilikuwa hatua tatu kutoka alipo.

Baada ya kuondoka, binti yangu alikuja kukaa karibu nami, juu ya robota la kitambaa. Alisema hakunipa ile meza kwa sababu ya barua. Barua angezijibu jioni, akiwa nyumbani. Alisema tangu nistaafu naamka, navaa shati la kazi, nakaa sebuleni na viatu. Alitaka niwe na mahali pa kwenda na viatu vile.

Nikasema naelewa. Nikamwuliza kama droo moja naweza kubaki nayo. Akasema, “Baba, meza yote ni ya Mama sasa.”

Nimetoa vitu vyangu. Vilikuwa kalamu, miwani ya akiba na majalada. Majalada mkataji ameyaomba, anasema karatasi zake zinafaa kukatia vielelezo vya kola. Kwa hiyo wauguzi wa chuo kile watavaa kola zilizopimwa kwa barua za bibi wa sura.

Ijumaa, 21 Machi

Niko kwenye vifungo. Vyeupe huku, vya buluu kule. Vifungo haviandiki. Haviulizi. Mtu anaweza kuvipanga siku nzima, akavimwaga, akavipanga tena, na ulimwengu usijue.

Mzaa mwenzangu amekuwa mwema, na hilo ndilo linaloniua. Ameniletea chai. Ameniwekea anwani yangu binafsi kwenye simu, nisijisikie mpweke, na akaketi kunifundisha tena, polepole: usiowajua usiwajibu, usibonyeze, kiambatisho kiache, na ukiwa na shaka niulize, mzaa mwenzangu, niko hapa tu. Nikasema nimeelewa. Nilikuwa nimeelewa kweli. Ningeweza kuyaandika maneno yake kwa mpangilio mzuri kuliko alivyoyasema.

Baada ya chai, simu ikalia. Barua! Ya kwanza kwenye anwani yangu mwenyewe.

Inatoka kampuni kubwa, haikutaja ya nini. Wanasema wamesikia sifa zangu. Wanatafuta mtu mzima, mwenye nidhamu ya zamani, awe Mkuu wa Mawasiliano. Ofisi ni ya peke yake, ghorofa ya juu. Meza ina droo nne.

Nne!

Nikaisoma tena na tena. Nilikumbuka mafunzo. Lakini mafunzo yale yanahusu barua taka, na taka ni kitu kinachotumwa kwa kila mtu. Barua hii inanihusu mimi. Nani mwingine katika mji huu ana nidhamu ya zamani?

Nimewatumia picha ya kitambulisho, mbele na nyuma, na namba yangu ya simu. Wakataka mdhamini mwaminifu. Nikafikiri sana, kwa haki, bila chuki, nikaandika jina na namba ya mzaa mwenzangu. Ataona mwenyewe ni watu wa daraja gani wanaonitafuta.

Afisa wao amenipigia sasa hivi. Sauti ya heshima, ananiita Mkuu. Alisema bado hatua moja tu: zitaingia tarakimu kwenye simu yangu, nimsomee.

Zimeingia. Nimemsomea kwa sauti, moja moja, nikimpa nafasi ya kuandika, kisha nikazirudia zote ili asikosee.